Wimbo Mmoja Kati ya Elfu Mbili: Kompyuta na Mashine ya Kubadilisha Sidii

Mtu mwenye santuri kumi hana haja ya orodha. Anaijua kila moja kwa rangi ya jalada lake, kwa mkwaruzo ulio pembeni, hata kwa jina la jirani aliyeiazima na kuirudisha imepinda. Mwenye sidii mia sita yumo katika hali nyingine kabisa. Wimbo anao, na fedha alikwisha kuutolea, lakini hawezi kuufikia. Na wimbo usiofikiwa hautofautiani sana na wimbo usiokuwapo. Tatizo hilo si la wapenda muziki peke yao. Ni la mkutubi, la karani wa masjala, la mtunza ghala la dawa, na la kila aliyekabidhiwa vitu vingi kuliko kumbukumbu yake inavyoweza kubeba.

Katika miaka ya 1990 viwanda vya Japani, hasa Sony na Pioneer, vilitoa jawabu lao: mashine ya kubadilisha sidii, ambayo katika makala haya itaitwa kibadilishaji. Baadhi ya mashine hizo zilichukua sidii 200, nyingine 300, na kubwa zaidi 400, zote ndani ya sanduku moja linalotosha juu ya meza. Wapo waliokwenda mbele zaidi wakaziunganisha na kompyuta, ili anayetaka wimbo aandike jina lake tu, na mashine ifanye kazi iliyobaki. Leo viwanda vimekwisha kuziacha, na zilizosalia hupatikana katika mitumba. Hata hivyo zinafaa sana kwa mafunzo, kwa sababu jambo ambalo limefichika ndani ya simu ya mkononi huonekana hapa kwa macho: gurudumu linazunguka, mkono unainua, waya unapeleka amri, na orodha iko mahali pake, mbali na vyote hivyo.

KILICHOMO KATIKA SIDII

Sidii ni kisahani cha plastiki chenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Ilibuniwa kwa ushirikiano wa Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, na mashine ya kwanza ya kuipiga ikauzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982. Mfuo wa santuri hufuata umbo la wimbi la sauti, lakini sidii haina wimbi lolote ndani yake. Ina namba tu. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za mfumo wa mbili, yaani biti 16. Kwa kuwa ziko njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, sekunde moja ya muziki huhitaji 44,100 × 16 × 2, ambazo ni biti 1,411,200. Biti nane hufanya baiti moja. Hivyo sidii ya dakika 74 hubeba baiti zipatazo milioni 783.

Biti hizo zimechorwa kwa vishimo vidogo mno juu ya njia moja inayojizungusha kutoka katikati kwenda nje, kinyume cha santuri. Nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni mikromita 1.6. Mwanafunzi anaweza kukokotoa urefu wa njia hiyo kwa penseli na karatasi. Eneo lenye muziki, lililo kati ya nusukipenyo cha milimita 25 na nusukipenyo cha milimita 58, ni karibu milimita za mraba 8,600. Eneo hilo likigawanywa kwa milimita 0.0016 hupatikana milimita milioni 5.4 hivi, au zaidi ya kilomita 5. Mtu angeitembea njia hiyo kwa saa nzima, nayo imekunjwa ndani ya kisahani kinachoenea kiganjani.

Kabla ya wimbo wa kwanza, sidii ina ukurasa wake wa yaliyomo. Humo imeandikwa idadi ya nyimbo, ambayo haiwezi kuzidi 99, na wakati ambapo kila wimbo unaanza, kwa dakika, sekunde na visehemu vya sekunde; sekunde moja imegawanywa katika visehemu 75. Lakini msomaji na aangalie vizuri mambo yasiyokuwamo. Jina la mwimbaji halimo. Jina la wimbo halimo. Mwaka haumo. Utaratibu wa kuongeza maandishi ulikuja mwaka 1996, na sidii nyingi hazikuutumia kamwe. Kwa hiyo mashine inapoisoma sidii ya Simba Wanyika haimwoni Wilson Kinyonga wala haijui kwamba kuna magitaa. Inaona nyimbo kadhaa, kila moja na urefu wake, basi.

GURUDUMU, MKONO NA JICHO

Ndani ya kibadilishaji, sidii husimama wima katika gurudumu kubwa lililolala, kama vipande vya mkate vilivyopangwa kwa duara. Kila nafasi ina namba. Mota hulizungusha gurudumu, na kitambuzi cha mwanga huhesabu alama zinazopita mbele yake, hata nafasi inayotakiwa ifike mbele ya mkono. Mkono huisukuma sidii kutoka katika nafasi yake hadi penye kishikio, sidii huzungushwa ikiwa wima vilevile, na jicho la leza huanza kuisoma.

Hapa pana hesabu ndogo inayofaa darasani. Gurudumu la nafasi 200 linaloweza kuzunguka pande zote mbili halihitaji kamwe kwenda zaidi ya nusu mzunguko, yaani nafasi 100. Kwa wastani, iwapo nyimbo zinachaguliwa bila mpango, litakwenda robo mzunguko, nafasi 50. Likiruhusiwa kuzunguka upande mmoja tu, wastani huo unakuwa nafasi 100. Swichi moja ya kugeuza mkondo wa mota hupunguza basi kungoja kwa nusu, bila ya mota kuongezewa nguvu hata kidogo.

Wengi wanaponunua mashine ya namna hii hupanga sidii zao kwa alfabeti: Afro 70 nafasi ya kwanza, Western Jazz karibu na mwisho. Mpango huo unapendeza siku ya kwanza. Siku sidii mpya ya Biashara Jazz inapoletwa, kila sidii inayofuata hulazimika kusogezwa nafasi moja, na kazi ya mchana mzima hufanywa kwa ajili ya kisahani kimoja. Afadhali sidii mpya iwekwe katika nafasi yoyote iliyo wazi, na alfabeti iachiwe orodha. Maktaba haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa wasomaji wake hupenda kutembea mbele ya rafu na kuona vitabu vya muziki vyote vikiwa pamoja chini ya 780. Mashine haina msomaji anayetembea. Kwa mashine, nafasi ya 3 na nafasi ya 187 ni sawasawa.

WAYA MMOJA NA AMRI NNE

Kompyuta huzungumza na kibadilishaji kwa namna mbalimbali. Iliyo rahisi kufundishia ni ile ya Sony iliyoitwa S-Link, ambayo hutumia waya mmoja wa ishara pamoja na waya wa ardhini, na plagi ndogo ya milimita 3.5 kama ile ya vipokea sauti vya masikioni. Waya ukiwa umetulia huwa na volti 5. Anayetaka kusema huushusha hadi volti sifuri kwa muda maalumu, kisha huuacha upande tena. Kushuka kwa mikrosekunde 2,400 ni kama kubisha hodi. Kushuka kwa mikrosekunde 1,200 ni moja. Kushuka kwa mikrosekunde 600 ni sifuri. Baada ya kila mshuko waya hupumzika mikrosekunde 600. Ni mbinu ileile ya wapiga simu za maandishi wa zamani, waliotofautisha herufi kwa mlio mrefu na mlio mfupi.

Amri ya kupiga wimbo ina baiti nne: ya kwanza hutaja mashine inayoambiwa, kwa kuwa zaweza kuwa kadhaa katika waya mmoja, ya pili hutaja tendo, ya tatu hutaja sidii, ya nne hutaja wimbo. Namba za sidii za mwanzo huandikwa kwa njia ambayo huwachanganya wanafunzi wanapoikuta mara ya kwanza. Sidii ya 47 haiandikwi 00101111, kama mfumo wa mbili wa kawaida unavyotaka, bali 0100 0111: nne peke yake, kisha saba peke yake. Njia hii ni nyepesi kwa kioo kidogo cha namba kilicho usoni mwa mashine, lakini ina gharama. Baiti moja inayoweza kubeba namba hadi 255 huishia 99. Mashine zilipokua zikapita sidii 99, wahandisi walilazimika kuunganisha kipande juu ya kipande ili kuzitaja nafasi zilizofuata. Uamuzi ulioonekana mdogo siku ya kwanza ukawasumbua waliokuja miaka mingi baadaye.

Muda wa kupeleka amri nzima hukokotolewa kwa urahisi. Baiti nne ni biti 32. Zikiwa zote sifuri, pamoja na kubisha hodi, amri huchukua milisekunde 41 hivi. Zikiwa zote moja, huchukua milisekunde 61. Amri hufika kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho, kisha gurudumu la plastiki hukaa likizunguka sekunde kadhaa. Kwa hiyo kununua kompyuta yenye kasi zaidi hakuwezi kuleta wimbo mapema. Waliotaka muziki usiokatika walinunua kibadilishaji cha pili: cha kwanza kinapopiga, cha pili kinatafuta. Hata hapo sidii za bendi moja hazikufaa kuwekwa zote katika mashine moja, la sivyo jioni ya Mlimani Park ingerudi kuwa jioni ya kungojea.

MASHINE HAIJUI MUZIKI

Kutokana na hayo yote, ni wazi kwamba mashine inajua mambo mawili tu: nafasi na namba ya wimbo. Kila jambo ambalo mtu anataka kulijua hukaa katika orodha iliyo ndani ya kompyuta. Katika orodha hiyo kila wimbo una mstari wake, wenye nafasi ya sidii, namba ya wimbo, jina la wimbo, bendi, mtunzi, mwaka na mahali uliporekodiwa. Sidii 200 zenye nyimbo 12 kila moja hutoa mistari 2,400. Orodha hiyo ikiwa imepangwa kwa alfabeti, kompyuta haina haja ya kuisoma yote. Hufungua katikati, hutazama kama jina linalotafutwa liko kabla au baada, hutupa nusu moja, kisha hurudia. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 12 ni 4,096, hatua 12 zinatosha kabisa. Kadi zilizopangwa katika sanduku la viatu hutoa matokeo yaleyale, kwa mkono.

Ugumu wenyewe hauko katika kutafuta. Uko katika majina, na hapa ndipo orodha nyingi za muziki wa Afrika Mashariki huharibika. Bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Je, ni bendi moja au nne? Anayetafuta chini ya Msondo Ngoma asipate wimbo wa miaka ya 1960 atadhani haumo katika mkusanyo, kumbe umo nafasi ya 61 na unamngojea.

Mfano wa Arusha ni mgumu zaidi. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walioanzia Tanga katika Jamhuri Jazz, walihamia Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata, nchini Kenya, ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika wakajitoa na kuunda Les Wanyika. Hapa si suala la bendi moja kubadili jina. Ni watu walewale, au baadhi yao, katika bendi tofauti. Orodha yenye safu moja tu ya "bendi" haiwezi kulieleza jambo hilo. Inahitajika orodha ya pili, ya watu, na ya tatu inayosema nani alikuwa wapi kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Ndipo mtafutaji anaweza kuuliza swali ambalo hakuna jalada linalolijibu: muziki wa watu waliopita Arusha Jazz uko katika sidii zipi?

Njia iliyo salama ni kuipa kila bendi namba ya kudumu isiyobadilika, kisha majina yote iliyowahi kuitwa yaelekezwe kwenye namba hiyo, kila jina na miaka yake. Namba haigombani na mtu. Jina hugombana, hasa likiandikwa "Mwinshehe" huku na "Mwinyshehe" kule. Na kompyuta, tofauti na karani mwenye busara, huyahesabu hayo kuwa ni majina ya watu wawili.

Kuna kitanzi kingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kilichofanya kazi, na kwa muda mrefu bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zikafyatuliwa Kenya. Wimbo mmoja uliweza basi kuwako katika kanda ya redio na pia katika santuri, kwa urefu tofauti na wakati mwingine kwa wapigaji tofauti. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983 kwa makubaliano yaliyofikiwa hapa Arusha, njia hiyo ya santuri ilivurugika. Orodha inayoandika jina la wimbo bila ya kutaja toleo huyafuta yote hayo kwa mstari mmoja.

KUITAMBUA SIDII ILIYOHAMISHWA

Mtoto akifungua mashine na kubadilishana nafasi ya 61 na ya 62, orodha inakuwa ya uongo mara moja, na hakuna taa itakayowaka kutoa onyo. Wahandisi walitafuta njia ya kuitambua sidii yenyewe, popote ilipo. Iliyopata umaarufu katika miaka ya 1990 iliitwa CDDB, nayo hutumia ule ukurasa wa yaliyomo peke yake.

Na ichukuliwe sidii ya kufikirika yenye nyimbo nne ndefu za dansi. Nyimbo zinaanza katika sekunde ya 2, ya 421, ya 865 na ya 1,290, na muziki unaisha katika sekunde ya 1,742. Kwanza, tarakimu za kila mwanzo hujumlishwa: 2, kisha 4+2+1, yaani 7, kisha 8+6+5, yaani 19, kisha 1+2+9+0, yaani 12. Jumla yake ni 40. (Jumla ikizidi, hugawanywa kwa 255 na baki ndilo huchukuliwa.) Pili, urefu wote wa muziki ni 1,742 kutoa 2, yaani sekunde 1,740. Tatu, nyimbo ni 4. Alama ya sidii hii ni 40–1740–4. Kompyuta huiandika katika mfumo wa kumi na sita kuwa 2806cc04. Kibadilishaji kinapomwambia mwenye mashine kwamba nafasi ya 61 ina sidii ya alama hiyo, ilhali orodha inatazamia nyingine, udanganyifu umegunduliwa.

Alama hii ni nzuri, lakini si kamilifu. Wimbo wa pili ungeanza katika sekunde ya 412 badala ya 421, tarakimu zingekuwa zilezile, jumla ingebaki 40, na sidii mbili tofauti zingebeba alama moja. Mwalimu anaweza kuwaachia wanafunzi watafute mifano mingine. Ipo mingi kuliko wanavyodhani. Kila njia ya kufupisha kitu kirefu kuwa namba fupi ina hatari hiyo, kwa sababu namba fupi zina kikomo na vitu havina.

Kwamba utambulisho wa wimbo unaweza kuwa na uzito, hilo Arusha inalijua kuliko miji mingi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama mwezi wa Novemba 1994, iliendesha kesi zake mjini hapa hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Katika kesi ya mtunzi Simon Bikindi, nyimbo zake tatu zilichambuliwa mbele ya majaji. Haikutosha kujua kwamba wimbo ulikuwapo. Ilibidi ijulikane ulitungwa lini, ulitangazwa lini, na kwa mkono wa nani. Hukumu ya tarehe 2 Desemba 2008 ilimpa kifungo cha miaka 15 kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwezi wa Juni 1994, si kwa nyimbo zile. Kumbukumbu za sauti na picha za mahakama hiyo ziko katika majengo ya Lakilaki, nje kidogo ya mji, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Kanda isiyo na tarehe wala chanzo, hata sauti yake ikiwa safi namna gani, haina la kumwambia jaji.

VUMBI, UMEME NA MWINUKO WA MERU

Wakati wa kiangazi vumbi la Arusha, ambalo ni mavi ya volkano yaliyosagika, huingia kila mahali. Santuri huumia nalo upesi. Sidii hustahimili zaidi, na sababu yake ni ya fizikia ya mwanga. Leza, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, huingia kwenye plastiki ikiwa na upana wa karibu milimita 0.8, kisha hukusanyika hadi mikromita 1.7 hivi inapofika penye vishimo, upande wa pili wa ule unene wa milimita 1.2. Chembe ya vumbi juu ya uso huwa nje ya mkusanyiko wa mwanga, na huziba sehemu ndogo tu, kama kidoa katika miwani ya mtu anayesoma. Zaidi ya hayo, namba za sidii zimechanganywa na namba za kusahihishia. Kipande cha njia chenye urefu wa milimita 2.5 kikipotea kabisa, mashine huweza kukijaza bila ya msikilizaji kujua. Ndiyo maana sidii hufutwa kutoka katikati kwenda nje. Mkwaruzo unaokata njia huumiza kidogo mahali pengi, nao husahihishika. Unaofuata njia hula kipande kirefu kwa mara moja.

Umeme ni hatari kubwa kuliko vumbi. Mashine ya mtumba iliyotoka Japani huwa imetengenezwa kwa volti 100, nayo Tanzania hutumia 230. Katika kipingamizi kisichobadilika joto hukua kwa mraba wa volti, na 2.3 mara 2.3 ni zaidi ya 5. Transfoma ya kushusha volti ni ya lazima, na inafaa kununuliwa siku ileile ya mashine, si baada ya moshi wa kwanza.

Wenye mikusanyo mikubwa sasa huhamisha muziki wao kwenda katika diski ngumu za kompyuta. Sidii 1,000 zilizojaa, bila ya kupunguzwa chochote, ni gigabaiti 783. Zote huenea katika diski moja ya gigabaiti 1,000. Ni jambo jema, lakini kitu kimoja husahaulika. Jicho la leza haliigusi sidii wala halitegemei hewa. Kichwa cha diski ngumu ya kawaida huelea juu ya bamba linalozunguka, kikibebwa na utando mwembamba wa hewa, na hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kazi karibu na meta 3,000. Mji wa Arusha uko kwenye meta 1,400 hivi, kwa hiyo hakuna shaka. Kibanda cha Miriakamba, meta 2,514, bado ni salama. Katika Kibanda cha Saddle, meta 3,570, diski hiyo haifai kuwashwa, na katika kilele cha Meru, meta 4,566, ni bahati nasibu. (Diski zilizofungwa kabisa na kujazwa gesi ya heli, pamoja na zile zisizo na kitu kinachozunguka, hazina tatizo hilo.)

Diski ngumu hufa ghafla, na yote yaliyomo hufa pamoja nayo. Kibadilishaji kikifa, sidii 200 hutolewa zikiwa nzima. Hivyo nakala mbili ni za lazima, katika nyumba mbili. Orodha nayo ichapwe katika karatasi, maana ndiyo sehemu pekee ya mtambo huu isiyoweza kununuliwa tena. Kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa zimo mikononi mwa TBC, zilirekodiwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Sauti inaweza kunakiliwa wakati wowote kanda ingali hai. Jina la mpiga gita la pili lisiloandikwa popote linaweza kuulizwa tu wakati yupo wa kulijibu.

KAZI YA DARASANI

Darasa na ligawanywe katika vikundi vya wanafunzi wanne. Kila kikundi kitafute nyumbani, kwa jamaa au kwa jirani, sidii, kanda au santuri 20, na kutengeneza orodha tatu katika daftari: ya vitu, ya nyimbo, na ya watu. Kila kitu kipewe namba ya kudumu kabla ya jina. Kisha vikundi vibadilishane madaftari, bila ya kubadilishana muziki, na kila kikundi kijibu kutokana na daftari la wenzake tu: ni nyimbo zipi zilirekodiwa kabla ya mwaka 1980, ni mtu yupi anayetokea katika bendi zaidi ya moja, na ni wimbo upi umo mara mbili katika matoleo tofauti. Swali lisilojibika liandikwe pembeni kwa wino mwekundu, pamoja na jina la mzee wa mtaani anayeweza kuwa na jibu. Mwalimu apange siku ya kwenda kumwuliza.